Bomba la Maji Halianzii Nyumbani

Neno kwamba maji ni uhai limezoeleka masikioni mwetu hata pengine hatulisikii tena. Lakini mtu aliyewahi kupiga kambi mahali pakavu hulisikia. Wanajeshi wa Burundi waliotumikia nchini Somalia kuanzia mwaka 2007 hawana haja ya kuhubiriwa juu ya thamani ya tangi moja la maji, wala polisi aliyekesha zamu katika kituo kisicho na robine.

Hata hivyo, askari huyo huyo apatapo likizo na kurejea kwao, mara nyingi humkuta mama yake, mkewe au bintiye akipanda kilima na dumu la lita 20 kichwani. Dumu hilo lina uzito wa kilo 20. Nyumba yenye watu 8, kila mmoja akipata lita 20 tu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, yahitaji lita 160, yaani safari 8 za kichwa kila siku ya Mungu. Si ajabu basi kwamba wengi wa wasomaji wetu, wanapoweka akiba ya mshahara kwa ajili ya nyumba ya kustaafia, huota robine uani kabla ya kuota bati jipya au viti vya sebuleni.

Makala haya yanahusu robine hiyo, na hasa kwa mwenye kujenga katika vilima vya Rumonge na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Tutaeleza kazi yenyewe ilivyo, vipimo vyake na hatari zake. Lakini juu ya yote tunataka kusema jambo moja: bomba la maji halianzii nyumbani kwa mwenye nyumba. Huanzia kwenye chemchemi, na chemchemi ina wenyewe. Alisahauye jambo hilo, hata awe na fedha na cheo, atapata maji kwa msimu mmoja na ugomvi kwa miaka mingi.

ZIWA MIGUUNI, KIU MDOMONI

Mji wa Rumonge uko zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura, kwenye barabara kuu inayofuata ufuko mpaka Nyanza-Lac. Ulikuwa makao makuu ya mkoa wa Rumonge ulioundwa mwaka 2015, na tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 umo katika mkoa wa Burunga. Upande wa magharibi ni ziwa. Upande wa mashariki, baada ya ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo wenye michikichi, mihogo na migomba, ardhi hupanda ghafla kuielekea milima inayotenganisha maji yaendayo Kongo na maji yaendayo Nile.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na duniani kote hakuna ziwa linalolipita kwa kina isipokuwa Baikal la Urusi. Mgeni hudhani kwamba akaaye kando ya maji mengi namna hiyo hawezi kuwa na shida ya maji. Kumbe ziwa liko chini na nyumba iko juu, na maji hayapandi mlima bila mashine, na mashine haiendi bila mafuta au umeme. Tena maji ya ufukweni si maji ya kunywa hivi hivi. Jiji la Bujumbura huyanywa maji ya ziwa, lakini shirika la REGIDESO huyavuta, huyasafisha na kuyatia dawa kwanza. Mwenye nyumba wa Minago au Kigwena hana mtambo wa namna hiyo.

Gharama ya kutokuwa na maji mengine ufuko huu umekwisha kuilipa. Kipindupindu kiliingia katika ukanda huu mwaka 1978. Kikatulia kwa muda wa miaka 14, kisha kati ya Januari na Mei 1992 kikarudi kwa nguvu, na jamii zilizoshambuliwa zilikuwa zile zilizo karibu na Ziwa Tanganyika na mto Rusizi. Wataalamu waliwalinganisha wagonjwa na majirani zao waliobaki salama, na matokeo ya uchunguzi huo yakachapishwa mwaka 1997 katika jarida la tiba la The Lancet. Hawakuona chakula chochote kilichohusika na ugonjwa. Walichokiona ni maji ya ziwa: kuyanywa, na pia kuoga ndani yake. Vijidudu vyenyewe vya kipindupindu vilikutwa katika maji ya ziwa. Tangu hapo ugonjwa huo umerudi ufukweni mara nyingi.

Neno hilo la kuoga yafaa tulitafakari. Watu wengi hudhani kwamba wakichemsha maji ya kunywa wamemaliza kazi. Kuchemsha ni wajibu, lakini mtoto aliyekunywa maji yaliyochemshwa asubuhi na kuoga ziwani jioni hajakingwa. Ndiyo maana robine ya nyumbani haitoshi iwapo yatoa kikombe tu cha kunywa. Yapasa itoe maji ya kuogea, ya kufulia na ya kunawia mikono, ili watu wa nyumba wasiwe na haja ya kushuka ufukweni.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa wasomaji wetu katika kazi yao. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa, agizo la kuwazuia watu wasitumie maji ya ziwa huangukia mabegani mwa walinzi wa usalama. Lakini mama mwenye nguo za watoto, asiye na maji mahali pengine, atatafuta njia ya kufika ziwani hata usiku, na haifai kumwita mkaidi. Robine moja inayotoa maji hulitekeleza agizo hilo vizuri kuliko doria kumi. Tena hatari yenyewe haijapungua. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kufurika mitaa ya ufukweni, na Rumonge haikusalimika. Mafuriko yaingiapo katika vyoo vya shimo, kilichokuwa shimoni huingia ziwani.

CHEMCHEMI INA WENYEWE

Zipo njia mbili za kuleta maji nyumbani. Ya kwanza ni kuunganisha nyumba na bomba la umma lililo karibu. Ya pili ni kuvuta bomba jipya kutoka chemchemi ya mlimani. Mjini, maji ya bomba ni kazi ya REGIDESO. Vijijini, mitandao ya maji iko chini ya komini, nazo kamati za watumiaji huangalia chemchemi na robine za pamoja. Kwa njia yoyote ile, mtu wa kwanza wa kuonana naye si fundi wa mabomba bali ni msimamizi wa maji hayo.

Tutoe mfano. Tuseme koplo mmoja amejenga nyumba katika kilima kilicho juu ya barabara, na bomba la umma linapita mpakani mwa shamba lake. Fundi wa mtaani atamwambia kwamba hakuna haja ya barua wala mashauri: watatoboa usiku, wataweka kiungio, na kabla ya alfajiri maji yatakuwa uani. Kazi yenyewe haichukui saa 2. Ni rahisi, na ndiyo sababu ni ya hatari.

Bomba la umma hupimwa kwa idadi ya robine zake. Unene wake na ukubwa wa tangi lake vimewekwa kwa hesabu ya watu fulani na maji fulani. Achotaye sehemu ya juu, pasipo hesabu, huwanyang'anya walio chini. Robine ya pamoja iliyokuwa ikijaza dumu kwa dakika mbili itajaza kwa dakika kumi; kisha, wakati wa kiangazi, itakohoa hewa. Wanawake waliokuwa wakipanga foleni hapo watashuka tena ziwani, na tumekwisha kueleza yaliyomo ziwani.

Je, watalalamika? Pengine hapana. Watanyamaza kwa sababu mwenye nyumba anavaa sare. Ukimya huo usidhaniwe kuwa ni ridhaa. Mwenye sare hujiona amekubaliwa, kumbe ameogopwa tu, na siku moja atakuta bomba limekatwa kwa panga, wala hapatakuwa na shahidi hata mmoja aliyeona. Afisa wa polisi atakayeitwa kufanya upelelezi atajikuta akitafuta mhalifu katika kilima kizima, na akichunguza vizuri atagundua kwamba kosa la kwanza halikufanywa na mwenye panga. Sare imetolewa kwa ajili ya kulinda haki ya watu wote. Isitumiwe kuruka foleni ya maji.

Lipo jambo la pili, zito zaidi katika Rumonge, nalo ni ardhi. Katika maafa ya mwaka 1972 watu wengi wa ufuko huu waliuawa, na wengine wengi wakakimbilia Tanzania, na mashamba waliyoyaacha yakashikwa na watu wengine. Walipoanza kurudi kwa wingi, hasa katika miaka ya 2000, viwanja vingi vilikuwa na wadai wawili, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mtaro wa mita 500 waweza kukatiza mashamba ya watu watano au sita. Anayechimba katika shamba lenye mgogoro, akipewa ruhusa na upande mmoja tu, huonekana kama ametoa hukumu juu ya shamba hilo. Akiwa ni askari au polisi, huonekana kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyotoa hukumu.

Kwa hiyo kabla ya jembe kugusa udongo, njia ya bomba yapasa ipitiwe kwa miguu pamoja na wenye mashamba wote, wakiwemo wanaodai, mbele ya wakuu wa kilima na wazee bashingantahe. Ridhaa iandikwe, mchoro wa njia uwekwe, na kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Ahadi ya kurudisha udongo na kulipa mazao yatakayoharibika iandikwe humo humo. Karatasi hiyo ni rahisi kuliko bomba lolote, nayo hudumu zaidi.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Ruhusa ikipatikana, ziko hesabu tatu za kufanya kabla ya kwenda dukani: wingi wa maji, tofauti ya mwinuko, na urefu wa njia.

Wingi wa maji hupimwa kwa dumu na saa, na hupimwa mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Agosti au Septemba, si wakati wa masika ambapo kila korongo hujifanya mto. Tuseme chemchemi inajaza dumu la lita 20 kwa sekunde 200. Hiyo ni lita moja kila sekunde 10, yaani lita 8,640 kwa siku moja. Kwa kipimo cha lita 20 kwa mtu, maji hayo yawatosha watu 432. Nyumba ya koplo wetu yenye watu 8 yahitaji lita 160 tu. Basi aikamataye chemchemi hiyo peke yake, akaifunga ndani ya bomba lake, ameshika haki ya watu zaidi ya 400. Hesabu hiyo fupi yatosha kumaliza ubishi mwingi.

Lakini hesabu hiyo hiyo yaleta habari njema. Mwenye nyumba hahitaji mkondo mkubwa. Lita moja kila dakika 2 hufanya lita 720 kwa siku, zaidi ya mara nne ya mahitaji yake. Mkondo mwembamba kama huo, ukiingia usiku na mchana katika tangi la nyumbani la lita 500 au 1,000, huipa nyumba maji ya kutosha, na chemchemi hubaki na maji tele kwa majirani. Kilicho cha haki hapa ndicho kilicho cha gharama nafuu pia: bomba jembamba na tangi lililofunikwa vizuri, pamoja na robine ya pamoja kwenye chemchemi kwa ajili ya wapitao. Jirani anayechota hapo hana sababu ya kulichukia bomba la mwenzake.

Mwinuko na urefu si vigumu kwa wasomaji wetu, maana ni watu waliofundishwa ramani. Mistari ya kontua huonyesha tofauti ya kimo kati ya chemchemi na nyumba. Pasipo ramani, mafundi hutumia mpira mwembamba unaopenya nuru, uliojazwa maji: maji katika ncha zake mbili hukaa kimo kimoja daima, na kwa fito mbili zenye alama za sentimita mtu huweza kushuka kilima hatua kwa hatua akiandika tofauti ya kila hatua. Ni kazi ya siku moja au mbili, na haihitaji chombo cha bei.

NGUVU YA MLIMA

Katika tambarare, shida ya fundi ni kupata nguvu ya kuyasukuma maji. Katika Rumonge shida ni kinyume chake: nguvu ni nyingi mno. Kila mita 10 za kushuka huyaongezea maji yaliyotulia ndani ya bomba shinikizo la baa 1. Uso wa ziwa uko kwenye kimo cha yapata mita 775 juu ya usawa wa bahari. Chemchemi ikiwa kwenye mita 1,100 na nyumba kwenye mita 800, tofauti ni mita 300, yaani baa 30. Bomba la plastiki linalouzwa kwa wingi huandikwa ubavuni PN 6, PN 10 au PN 16, maana yake limetengenezwa kustahimili baa 6, 10 au 16. Fundi asiyejua kusoma alama hiyo atalaza bomba la PN 10 mlima mzima, na mchana, robine ikiwa wazi, kila kitu kitaonekana sawa. Usiku robine zikifungwa maji hutulia, shinikizo hupanda mpaka kiwango chake chote, na bomba hupasuka wakati watu wamelala.

Dawa yake ni kuvunja mteremko. Mahali kadhaa njiani hujengwa kisanduku cha saruji chenye kifuniko, ambamo maji humwagika na kukutana na hewa, shinikizo likarudi sifuri, kisha yakaanza safari mpya. Katika mfano wetu wa mita 300, visanduku 3 hugawa mteremko katika vipande 4 vya mita 75, na hakuna kipande kitakachozidi baa 7.5. Kila kisanduku kiwekewe koki ya kuelea, ili robine ya chini ikifungwa maji yasimwagike bure shambani mwa mtu.

Kosa la upande wa pili ni kununua bomba jembamba kupita kiasi. Maji yanaposuguana na kuta za bomba hupoteza nguvu. Lita 0.2 kwa sekunde, yaani dumu la lita 20 kwa sekunde 100, zikipita mita 500 katika bomba la plastiki la milimita 25, hupoteza kiasi cha mita 12 za mwinuko. Katika bomba la milimita 32 upotevu huo haufiki mita 4. Kwa mkondo ule mdogo wa tangi tulioueleza, bomba la milimita 25 latosha kabisa. Lakini majirani watatu wakiamua kushirikiana, jambo ambalo tunalipendekeza, ni afadhali kuongeza unene tangu mwanzo kuliko kuchimba mara mbili.

Njia ya bomba ikipanda na kushuka, hewa hukusanyika vileleni na tope mabondeni. Hewa huweza kuyazuia maji kabisa hata fundi akadhani bomba limeziba. Kileleni kuwekwe koki ya kutolea hewa, na bondeni koki ya kusafishia tope.

MTARO NI KAZI YA WATU WENGI

Askari anajua handaki, na mtaro wa bomba ni ndugu yake. Kina kiwe sentimita 80 hadi mita 1, ili jembe la mkulima na gurudumu la gari visilifikie bomba, wala jua lisilichome, maana plastiki ikipigwa na jua kwa muda mrefu hukauka na kuvunjika. Sakafu ya mtaro isawazishwe, mawe yaondolewe, na udongo laini utangulie chini na juu ya bomba kabla ya kurudisha ule wenye mawe. Viungio viachwe wazi mpaka bomba lijazwe maji na kujaribiwa kwa shinikizo kamili usiku kucha. Kiungio kinachovuja huonekana asubuhi. Kilichofukiwa hakionekani mpaka shamba ligeuke bwawa.

Bomba likivuka kijito au barabara, kipande hicho kiwe cha chuma. Njia isipite katika mteremko unaomomonyoka, hata kama ni fupi zaidi. Mwezi Machi 2015 maporomoko ya ardhi huko Gitaza, kando ya barabara ya Bujumbura na Rumonge, yaliharibu nyumba na kuikata barabara yenyewe; bomba halina nguvu kuliko barabara. Miti ikipandwa kandokando ya mteremko husaidia kushika udongo, ila mizizi ya miti mikubwa isiwe karibu na mtaro.

Chemchemi yenyewe haifai kuachwa wazi. Huchimbwa kufuata maji mpaka mahali yanapotokea katika mwamba au udongo mgumu, ikajazwa mawe na kokoto safi, ikafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na ukuta wa saruji ukawekwa mbele wenye bomba la kutolea maji na jingine la kupitishia yanayozidi. Juu yake huchimbwa mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na eneo lote huzungushiwa ua ili mifugo isikanyage. Choo, zizi, au mahali pa kukamulia mawese visiwe juu ya chemchemi, wala choo kisiwe karibu yake kuliko mita 30. Bomba likikamilika, lijazwe maji yenye klorini kwa vipimo vya mhudumu wa afya, yaachwe usiku mzima, kisha yamwagwe kabla mtu yeyote hajanywa.

BUNDUKI HUSAFISHWA, NA BOMBA VILEVILE

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kazi kubwa ilifanyika, lakini mwaka 1991 ulipofika lengo hilo lilikuwa mbali bado. Sababu moja kubwa ilikuwa matunzo: mashine zilisimama kwa kukosa mafuta na vipuri, na wanavijiji waliona kwamba mradi ni wa serikali, basi serikali ndiyo itengeneze. Nchini Malawi, kuanzia mwaka 1968, ilifuatwa njia nyingine. Maji yalishushwa kutoka milimani kwa uzito wake yenyewe, bila mashine. Wanavijiji walichimba mitaro kwa mikono yao, na kamati zao zikachukua dhamana ya kuitunza. Miradi hiyo ikawa mfano katika Afrika.

Funzo lake kwa Rumonge li wazi. Mlima tunao, na uzito wa maji hautozwi ushuru. Kinachotakiwa ni mtu wa kulikagua bomba kama askari anavyokagua silaha yake, kwa ratiba wala si kwa kukumbuka. Kila juma apite njia nzima akitazama udongo uliolowa pasipo mvua. Kila mwezi afungue koki za tope na kuosha visanduku. Kila mwaka, kabla ya masika, mfereji wa juu ya chemchemi uzibuliwe na ua utengenezwe. Ndani ya nyumba kuwe na sanduku lenye viungio viwili au vitatu, kipande cha bomba, gundi na msumeno.

Msomaji asidharau uvujaji mdogo. Tundu linalojaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja hupoteza lita 360 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya nyumba yetu ya watu 8. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika bomba ufa hauonekani ila na mtu anayetembea.

Nyumba zaidi ya moja zikitumia njia hiyo, uwepo mfuko mdogo wa kila mwezi, na daftari linalosomwa mbele ya wote. Mlinzi wa bomba alipwe, hata kama ni kidogo. Mwenye cheo alipe kiasi kile kile anacholipa mvuvi au mkulima, tena awe wa kwanza kulipa, kwa sababu wengine humwangalia yeye.

NENO LA MWISHO

Askari na polisi waliotawanyika katika vilima vya Burundi ni watu wanaotazamwa. Wakijenga vizuri, jirani huiga. Wakijenga kwa ubabe, jirani huiga pia, kila mmoja kwa nguvu aliyo nayo, na mwisho wake chemchemi huwa uwanja wa vita. Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wetu wanaokusudia kuvuta maji mwaka huu wafuate utaratibu huu: waende kwanza kwa komini na kwa kamati ya maji, waipite njia pamoja na wenye mashamba, wapime wakati wa kiangazi, wasome alama ya bomba kabla ya kulipa, na wawaachie majirani maji yao. Anayejiunga na bomba la umma asubiri zamu yake na kupewa kipimo chake, hata kama kungoja huko ni kwa miezi.

Nyumba yenye robine huko Rumonge si anasa. Ni mtoto asiyeoga katika maji ya kipindupindu, ni msichana afikaye shuleni kabla ya kengele, na ni mama ambaye shingo yake imepumzika. Faida hizo zitadumu ikiwa nyumba ya jirani pia inazipata. Tuanze basi kule juu, kwenye chemchemi, pamoja na wenyewe.